Hifadhi yenu inajua kupokea, haijui kuachilia

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa masijala katika taasisi yetu. Miaka 6 iliyopita tuliwekewa hifadhi ya nyaraka ya kidijitali, na tangu hapo kila kinachoingia tunakiskani, tunakipakia na kukitafuta humo humo. Leo ina nyaraka zaidi ya 60,000. Mwezi uliopita mkaguzi wa ndani aliniuliza: "Kati ya hizi, zipi muda wake umekwisha, na nani ana mamlaka ya kuziteketeza?" Nilikosa la kusema. Wenzangu wa TEHAMA wanataka tununue mfumo mpya wa usimamizi wa kumbukumbu. Mimi naona tunaweza kuongeza juu ya huu tulio nao. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi?

Jibu: Habari ni njema, na pole kwa hilo la mkaguzi. Lakini usimkasirikie, kwa sababu swali lake ndilo kazi yote iliyo mbele yako. Hakuuliza kama mnaweza kuupata waraka, hilo mnaliweza. Aliuliza nani anaamua waraka huo ukae mpaka lini, na uamuzi wenyewe umeandikwa wapi. Hifadhi nyingi za kidijitali zilibuniwa kupokea, kupanga na kuonyesha. Kuachilia hazikufundishwa.

Kwa hiyo katika ubishi wenu, wewe uko sahihi, kwa sharti moja. Mfumo mlio nao unaweza kubeba usimamizi wa kumbukumbu ikiwa, kabla ya kugusa hata kitufe kimoja, mtakuwa na jedwali la uhifadhi na uteketezaji, yaani orodha inayosema kila aina ya kumbukumbu ikae mpaka lini na kisha iende wapi, lililosainiwa na wenye mamlaka. Bila hilo, mfumo mpya utakuja kuwauliza lile lile aliloliuliza mkaguzi, safari hii mkiwa mmeshaulipia.

Tuelewane kwanza kwenye maneno, maana Kiswahili chetu kina mtego hapa. "Kumbukumbu" tunalitumia kwa yaliyomo kichwani, kwa yaliyosemwa kikaoni, na hata kwa orodha ya matukio ambayo kompyuta inajiandikia yenyewe. Katika kazi hii maana yake ni finyu: ni ushahidi kwamba jambo fulani lilifanyika, na nani, lini, kwa mamlaka gani. Waraka bado unaweza kubadilika. Rasimu ya mkataba inayozunguka baina ya watu watatu ni waraka. Siku inaposainiwa na pande mbili inageuka kumbukumbu, na kuanzia hapo hakuna anayepaswa kuigusa, hata aliyeiandika, hata kama ameona nukta imekosewa.

Kwenye masijala ya karatasi hili ulilijua bila kufundishwa. Barua ikishapewa namba ya folio na kutobolewa jaladani, imeingia. Akiichomoa mtu, folio 14 inafuatiwa na folio 16, na karani anayefungua jalada ataliona pengo. Hifadhi ya kidijitali haiachi pengo. Ukifuta, orodha inajifunga kama maji.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 15489, kilichotoka mwaka 2001 na kupitiwa upya mwaka 2016, kinaitaka kumbukumbu iwe na sifa nne: iwe halisi, iaminike, iwe kamili bila kuchezewa, na iweze kutumika. Badala ya kuzikariri, zijaribu. Kesho asubuhi chukua faili moja isiyo na umuhimu, uipakie. Badilisha kichwa chake. Weka faili nyingine mahali pake kwa jina lile lile. Kisha mwombe mtu wa TEHAMA mwenye haki za juu kabisa aifute. Baada ya hapo kaa ujaribu kueleza, kwa kutumia mfumo peke yake, nini kimetokea: nani alifanya, saa ngapi, kichwa cha zamani kilisomekaje, faili ya kwanza imekwenda wapi. Zoezi hili nimelifanya na watu wengi. Mara nyingi mfumo unakumbuka kupakiwa, pengine na kubadilishwa kwa kichwa. Ufutaji uliofanywa moja kwa moja kwenye hifadhidata hauachi hata unyayo. Yale utakayoshindwa kuyaeleza ndiyo orodha yako ya kazi za kiufundi, nayo itakuwa fupi kuliko orodha ya muuzaji yeyote.

Sasa jedwali. Kila mstari wake una mambo manne: aina ya kumbukumbu, tukio linaloanzisha hesabu, muda, na hatima, yaani iteketezwe, ihamishiwe kwenye hifadhi ya kudumu, au ipitiwe tena na mtu. Watu huhangaika na safu ya muda, wakabishana kutwa kama ni miaka 5 au 7. Muda kwa sehemu kubwa unatoka kwenye sheria za kodi, za kazi na za ukomo wa madai; mwanasheria wenu ataumaliza ubishi huo bila jasho. Safu inayoangusha mifumo ni ile ya tukio.

Chukua mkataba wa huduma. Jedwali linasema "miaka 7 baada ya mkataba kumalizika". Mkataba ulisainiwa 2016, ukapakiwa 2021, ukaongezwa muda mara mbili, ukamalizika 2023. Hesabu inaanza 2023, ukomo ni 2030. Hifadhi yako inajua nini kati ya hayo? Kama mnatumia DSpace, programu ya hifadhi ya kidijitali ambayo chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard waliitoa mwaka 2002 na bado inatumika sana vyuoni na kwenye taasisi za utafiti, basi kila kitu kina tarehe tatu za kawaida: siku kilipoingia, siku kilipoanza kupatikana, na siku kilipotolewa. Hakuna hata moja inayosema mkataba uliisha lini. Mifumo mingine inaziita tarehe hizo kwa majina mengine, lakini pengo ni lile lile.

Hili nililijua kwa aibu. Taasisi moja niliyoifanyia kazi nikiwa bado mchanga kwenye fani iliamua kuhesabu kuanzia tarehe ya kupakia, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa imejazwa kila mahali. Mimi nikakubali. Nyaraka zao za miaka mingi zilikuwa zimepakiwa kwa mkupuo mmoja, ndani ya majuma mawili, na vijana wa kuskani waliokodiwa. Muda ulipotimia, mfumo ulitoa orodha asubuhi moja ukidai kwamba karibu kila kitu kiko tayari kuteketezwa: stakabadhi zilizopaswa kuondoka zamani, zikiwa zimechanganyika na mikataba ya pango iliyokuwa bado inalipiwa. Aliyetuokoa ni karani wa masijala. Alipokuwa akipitisha kidole kwenye orodha iliyochapishwa, alisoma jina la jengo, akainua macho na kusema, "Si ndimo tulimo humu?" Tangu siku hiyo siandiki mstari wa jedwali bila kuuliza: tukio hili nani atalijua, na ataniambia kwa njia gani?

Majibu yake ni machache. Baadhi ya matukio yanajulikana na mfumo mwingine: wa mishahara unajua mtumishi ameondoka lini, wa manunuzi unajua mkataba umefungwa lini. Hapo waombe TEHAMA waunganishe, hata kama muunganisho wenyewe ni faili ya jedwali inayoingizwa kila mwisho wa mwezi. Haihitaji kuwa kitu cha fahari. Matukio mengine hakuna mashine inayoyajua, kama vile mradi "kukamilika" au shauri "kumalizika". Hayo mpe mtu mwenye cheo kinachoeleweka, apokee orodha ya majalada yaliyo wazi mara moja kwa mwaka na aweke alama ya ndiyo au bado. Na lile ambalo hata mtu hawezi kulijua, libadilishe kanuni yake: hesabu ianze mwisho wa mwaka wa fedha ambamo jalada lilifungwa. Itakuwa kanuni butu kidogo, lakini kuna mtu atakayeweza kuitekeleza.

Usiwe na mistari mingi pia. Nimewahi kukuta jedwali la mistari inayozidi 300, lililoingizwa lote kwenye kisanduku cha kuchagua. Watumiaji walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: walichagua wa kwanza juu. Kwa mujibu wa mfumo, taasisi nzima ilikuwa inashughulika na ajali za kazini. Unganisha aina zote zenye tukio, muda na hatima inayofanana, hata kama kila idara ina jina lake la kuziita.

Jedwali likishasainiwa, ndipo uingie kwenye hifadhi yenyewe. Utahitaji sehemu chache mpya za metadata, yaani taarifa zinazoueleza waraka: namba ya mstari wa jedwali, tarehe ya tukio, hali ya kumbukumbu kama ni wazi au imefungwa, zuio la kutoteketeza kama lipo, na mwishoni namba ya idhini ya uteketezaji. Dublin Core, orodha sanifu ya metadata ambayo hifadhi nyingi zimejengwa juu yake, ina vipengele 15 vya asili na hakuna kilichowekwa kwa ajili ya haya. Tengenezeni kundi lenu la vipengele kando; msijazie kwenye sehemu ya maelezo kwa matumaini kwamba mtakumbuka.

Tarehe ya kuteketeza yenyewe isiandikwe ikakaa peke yake. Mfumo mwingi uliofanywa kwa haraka hupiga hesabu siku ya kwanza, ukaandika 31 Desemba 2030, basi, yamekwisha. Sheria ikibadilika na miaka 7 ikawa 10, utarudi kwenye maelfu ya kumbukumbu moja baada ya nyingine. Tunza namba ya mstari na tarehe ya tukio, halafu ukomo ukokotolewe kutokana na hivyo viwili kila unapohitajika. Ukibadilisha kanuni kwenye jedwali, kumbukumbu zote zilizo chini yake zinafuata.

Mtumiaji wa kawaida asiulizwe chochote katika hayo. Kila mkusanyo au folda ibebe namba ya mstari wake, na waraka uirithi kwa kuingia tu. Mtu wa uhasibu anapakia vocha kwenye mkusanyo wa vocha kama alivyozoea; yaliyobaki hayaoni. Ukimwongezea hata kisanduku kimoja cha lazima, ndani ya mwezi utakuta mkusanyo mpya uitwao "Mengineyo", na kila kitu kimehamia huko.

Kinachobaki ni kuamua waraka unageuka kumbukumbu lini. Wengine huweka kitufe cha "tangaza kuwa kumbukumbu" na kusubiri watu wakibofye. Hawakibofyi. Tafuta badala yake tendo ambalo tayari linafanyika kwenye kazi: saini ya mwisho, idhini ya malipo, barua kutoka nje, dokezo kukubaliwa. Tendo hilo ndilo lifunge waraka, bila mtu kukumbuka. Kwa nyaraka zinazoskaniwa mambo ni mepesi zaidi: karatasi iliyokwishasainiwa ni kumbukumbu tangu inapoingia, kwa hiyo ifungwe palepale baada ya karani wa pili kuhakiki kwamba kurasa zote zimo na zinasomeka.

Wataalamu waliwahi kugawanyika kuhusu mahali kumbukumbu inapopaswa kukaa ikishafungwa. SharePoint ya 2007, programu ya Microsoft ya kutunzia nyaraka, ilikuwa na kituo maalumu ambako kumbukumbu zilipelekwa. Toleo la 2010 likaruhusu pia kuifunga kumbukumbu pale pale ilipo. Kwa taasisi kama yenu nakushauri njia ya pili. Watu wanaendelea kuikuta barua mahali walipozoea, ila haihaririki wala haifutiki. Mkiihamisha, watatengeneza nakala zao kwenye kompyuta zao ili wasiipoteze, na nakala hizo hazitakuwamo kwenye jedwali lolote. Majalada ya nidhamu na ya afya ndiyo pekee ningeyahamishia mahali pake pa peke yake, kwa sababu ya usiri.

Nikija kwenye haki za watumiaji, hapa utagongana na TEHAMA, nakuambia mapema. Msimamizi wa mfumo asiwe na uwezo wa kufuta kumbukumbu iliyofungwa akiwa peke yake. Wewe nawe usiweze kufuta peke yako. Uteketezaji uhitaji mikono miwili: masijala inapendekeza, mwenye mamlaka anaidhinisha, na mfumo unatekeleza. Daftari la matukio linaloonyesha nani alifanya nini liandikwe mahali ambapo msimamizi wa mfumo anaweza kusoma lakini hawezi kuhariri, ikibidi kwenye seva nyingine kabisa. Si kwamba tunawashuku wenzetu. Siku wakishukiwa na mtu mwingine, daftari hilo ndilo litakalowatetea.

Sambamba na hilo, kila faili ipigiwe heshi inapofungwa. Heshi ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye maudhui ya faili. Ikibadilika nukta moja ndani, heshi yote inakuwa nyingine. DSpace tayari inapiga heshi ya MD5 kwa kila faili na ina kazi ya kuikagua upya kwa ratiba, na taasisi nyingi zinayo bila kuiwasha. Iwasheni. Kwa kugundua diski iliyoharibika, MD5 inatosha. Kwa kuthibitisha kwamba hakuna mtu aliyechezea faili kwa makusudi haitoshi tena, kwani tangu mwaka 2004 inajulikana kwamba faili mbili tofauti zinaweza kutengenezwa zikatoa MD5 moja. Ongezeni SHA-256, aina ya heshi iliyo imara zaidi, kando yake.

Zuio ndilo jambo ambalo wengi hulisahau mpaka siku ya kuitwa mahakamani. Kukiwa na kesi, uchunguzi au ukaguzi, kumbukumbu zote zinazohusika zisiteketezwe hata kama muda wake umekwisha. Mfumo uweze kuweka zuio juu ya kumbukumbu moja au mkusanyo mzima, na zuio hilo liwe na sababu, jina la aliyeliweka na tarehe. Jambo linalowaponyoka wajenzi wa mifumo ni kwamba kumbukumbu moja inaweza kuwa na mazuio mawili. Mkataba ule ule unahusika kwenye kesi ya madai na pia kwenye uchunguzi wa manunuzi. Kesi inapokwisha, zuio la kwanza linaondolewa, la pili linabaki. Kama mfumo wenu una alama moja tu ya "imezuiwa", kuondoa la kwanza kumeondoa yote mawili, na hakuna atakayejua.

Kuhusu uteketezaji wenyewe, ujue neno "futa" lina ngazi. Katika DSpace, kuondoa kitu machoni pa watumiaji ni tendo moja na kukifuta moja kwa moja ni jingine. Ukiondoa tu, faili bado ipo, na anayefuata kiungo chake anakuta tangazo kwamba kitu hicho kimeondolewa. Hilo linafaa kwa kosa la muda, halifai kuitwa uteketezaji. Baada ya kufuta kabisa, bado una vijipicha vya kurasa, maandishi yaliyochukuliwa kwa ajili ya utafutaji, na nakala rudufu. Nimewahi kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno ya barua iliyokuwa imeteketezwa kwa hati na saini, nikaletewa aya nzima kutoka kwenye faharasa. Nakala rudufu haziguswi moja moja. Andikeni kwenye utaratibu kwamba zinazunguka na kuandikwa upya baada ya siku kadhaa zinazojulikana, kwa mfano 90, na kwamba uteketezaji unahesabika kukamilika siku hizo zinapopita. Na mkirejesha mfumo kutoka kwenye nakala rudufu, kazi ya kwanza kabla ya kuwafungulia watu ni kuteketeza upya vilivyofufuka. Orodha ya vilivyoteketezwa ikae nje ya mfumo kwa ajili hiyo.

Kinachobaki baada ya faili kwenda ni kipande kidogo cha metadata: namba, aina, tarehe ya kuteketezwa, namba ya mstari wa jedwali, namba ya idhini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nayo ina haki ya kupotea, ila habari zake zibaki daftarini. Angalia tu kichwa cha faili. Kama kinasomeka "Barua ya onyo la mwisho" na jina kamili la mtumishi, hujateketeza kitu, umeacha hukumu bila ushahidi. Vichwa vya aina hiyo vibadilishwe kuwa namba. Sheria za kulinda taarifa binafsi, kama ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, zinadai taarifa za mtu zisitunzwe kupita haja iliyozileta, na jedwali lililosainiwa ndilo ushahidi wenu kwamba haja hiyo mliipima.

Zile chache za kudumu ni somo la siku nyingine. Kwa sasa zitambueni mapema, zigeuzwe kuwa PDF/A, muundo uliowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya utunzaji wa muda mrefu, na ya asili itunzwe kando yake.

Sasa 60,000 zako. Usizipitie moja moja; hutamaliza, na utakapofika katikati utakuwa umebadilisha mawazo kuhusu zile za mwanzo. Weka siku moja, kila kinachoingia kuanzia hapo kinafuata utaratibu mpya. Zilizopo zishughulikie kwa mafungu. Tumia heshi kutafuta nakala zinazofanana kabisa. Barua moja iliyopakiwa na idara tatu utaikuta mara nyingi kuliko unavyotegemea. Kisha panga mikusanyo kwa ukubwa na upe kila mmoja mstari wa jedwali kwa jumla, ukichomoa sampuli ya faili kama 50 kwa kila mkusanyo uone kama kweli zinafanana na jina la mkusanyo. Ule ambao sampuli yake imechanganyika uweke kando. Tarehe ya tukio isiyojulikana ichukuliwe kuwa mwisho wa mwaka wa waraka wa karibuni zaidi jaladani, na mwenye idara asaini kwamba amekubali. Pale penye shaka, ikae. Kuchelewa kuteketeza ni kosa linalorekebishika.

Wenzako wa TEHAMA nao wasikilize, kwa sababu kuna hali ambazo watakuwa wamesema kweli. Kama hifadhi yenu haikubali kuongezewa sehemu za metadata, haina njia ya kuunganishwa na programu nyingine, au haiwezi kumzuia mtu mwenye haki za juu asifute, basi haiongezeki. Na kama kumbukumbu zenu zimetawanyika kwenye barua pepe, mfumo wa fedha na diski za pamoja, mfumo mmoja wa kumbukumbu unaoitawala mingine kwa mbali unaweza kuwa na faida. Kiwango cha CMIS cha shirika la OASIS, kinachowezesha mifumo ya nyaraka kuzungumza, katika toleo lake la 1.1 la mwaka 2013, kiliongeza namna ya mfumo mmoja kuuambia mwingine muda wa kutunza na mazuio. Waulizeni kama hifadhi yenu inakizungumza.

Mkiamua kununua, muuzaji atawaonyesha karatasi inayotaja ISO 16175, MoReq2010 au DoD 5015.2. Hiyo ni miongozo inayoeleza mfumo wa kumbukumbu uweze nini, ingawa DoD 5015.2, ya wizara ya ulinzi ya Marekani, ilifutwa mwaka 2023; lakini msisome karatasi. Mwambieni aweke mezani mkataba mmoja, auongezee muda, auwekee mazuio mawili, aondoe moja, aufikishe ukomo, auteketeze, halafu aitoe metadata na historia yake yote nje ya mfumo kwa muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma. Wengi hukwama kwenye hatua ya mwisho. Kisha ifanyieni hifadhi yenu ya sasa mtihani ule ule, na mlinganishe.

Mkaguzi wako usimwachie kimya mpaka haya yote yaishe. Chagua aina moja ya kumbukumbu ambayo tukio lake halina ubishi. Vocha za malipo zinafaa, kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa kwa tarehe inayojulikana. Andika mstari wake, usainiwe, uuingize kwenye mkusanyo wa vocha, toa orodha ya zilizofikia ukomo, omba idhini, teketeza, tunza cheti. Halafu mpelekee karatasi tatu: mstari wa jedwali wenye saini, orodha, na cheti cha uteketezaji. Chini yake uandike aina nyingine mlizo nazo, na mbele ya kila moja mwezi ambao mstari wake utakuwa tayari.